Televizyo ya kilomita ishirini, macho ya Kinshasa

Wandugu wa chama, tukizungumza habari ya televizyo ndogo za kwetu Maniema, lawama inakuwaga ileile: picha mbaya, moto unakatika, jenereta haina mazuti. Ni kweli. Lakini mimi nasema picha si ugonjwa wa kwanza. Hata siku picha iko safi, angalia ni nani anaonekana ndani.

Televizyo ya serikali ilianza Kinshasa 1966, mwaka mmoja tu baada ya Mobutu kuchukua utawala. Wazee wanakumbuka vile habari za La Voix du Zaïre zilifunguliwa: kichwa cha Mobutu kinashuka toka mawinguni. Tunacheka leo, lakini ile picha ilifundisha vizazi viwili kwamba televizyo ni kitu cha kutoka juu kwenda chini. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na sheria ya tarehe 22 Juni 1996 ikaweka uhuru wa vyombo vya habari kwenye maandishi. Bukavu hawakungojea hiyo sheria: Radio Maendeleo ilianza 1993. Kisha stesheni za makanisa, za wanasiasa na za jamii ziliota kama uyoga nchi nzima.

Mlango ulifunguka, mazoea yakabaki. Gavana kwanza, halafu waziri, mbunge, semina imefunguliwa, semina imefungwa. Kamera inakaa mbele ya meza yenye kitambaa na chupa za maji. Mkulima mwenye semina ilifanywa kwa jina lake, tunaona kisogo chake tu.

Wengi wanasema waandishi ni wavivu. Hapana. Tuseme jina lake: kupaje. Mshahara ni mdogo au haupo, basi anayealika kamera ndiye anayelipa usafiri wa kamera. Mama wa Kailo mwenye shamba la muhogo hana bahasha. Kwa hiyo hana habari! Mkurugenzi anaweza kuapa kwamba anapenda jamii, lakini bahasha ndiyo inapanga programu.

Na hapa ndipo ninashangaa. Stesheni yenye nguvu ndogo haiwezi kushindana na Kinshasa kwa wakubwa. Setilaiti inawaleta kila usiku, tena kwa picha nzuri. Mnara wa meta 30, kwenye nchi tambarare, unafika kilomita 20 na kidogo mbele ya mviringo wa dunia kuuficha. Ukiweka antena juu ya paa unaongeza chache, lakini pori letu linakula sehemu yake. Vijiji vingi vya Kailo viko nje kabisa. Sasa, mtu anayesema na watu wa kilomita 20 tu, kwa nini anaongea kama msemaji wa Jamhuri? Anajua soko lao, kivuko chao, bei ya mchele wao asubuhi hii. Kinshasa haijui.

Nitoe mfano wa fani yangu. Mozaiki ya muhogo inasambazwa na inzi weupe, na pia na sisi wenyewe, tukibeba vijiti vya kupanda toka shamba gonjwa. Kwa maneno ni vigumu kueleza. Jani lililojikunja, lenye madoa ya manjano, linaeleweka kwa sekunde tano ya picha. Hiyo ndiyo kazi redio haiwezi. Dakika kumi shambani, kamera moja, Kiswahili cha kwetu, si Kifaransa cha ripoti. Zanzibar ilikuwa na televizyo ya rangi miaka ya 1970, na Tanzania bara ikangoja stesheni zake hadi 1994. Udogo wa mahali haukuwazuia.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kumbukumbu. Hata BBC ilifuta kanda zake nyingi za miaka ya 1960, ili itumie kanda tena. Sembuse stesheni yenye kaseti kumi. Leo kaseti imekuwa flash, na flash inajaa, inafutwa. Mwenye kutaka kujua Kindu ya 2005 ilikuwa namna gani sokoni, wapi atatafuta? Labda kwa mpiga picha wa harusi. Yeye angalau alikuwa anageuza kamera upande wa watu.