Kura ya Alfajiri Bandarini

Boti ya doria ikipita gatini kila siku saa nne, mtu wa magendo hana haja ya kuikimbia. Saa ya mkononi inamtosha. Walinzi wa pwani wa Marekani walilikabili tatizo hilo mjini Boston kuanzia Aprili 2011, kwa programu ya PROTECT iliyoundwa na timu ya Milind Tambe, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Southern California. Programu hiyo ilipanga doria ili sehemu nyeti zipitiwe mara nyingi zaidi, lakini hata aliyeichungulia bandari miezi mingi asijue boti itakuwa wapi kesho.

Tuilete hesabu hiyo Kilwa ya Kongo (DRC), kwenye Ziwa Mweru, Zambia ikiwa ng'ambo. Tuseme, kwa mfano tu, boti ni moja na pa kulinda ni pawili: gatini, ambako magendo yakipita salama yanaleta faida ya 4, na ufuoni wanakoanika chisense, samaki wadogo wa ziwani, faida ya 1. Mtu wa magendo akikamatwa hapati kitu. Boti ikigawa siku nusu kwa nusu, atakwenda gatini apate wastani wa 2. Ikikaa gatini daima, atahamia ufuoni apate 1. Lakini ikiwa gatini siku 4 katika kila 5, popote atakapokwenda wastani wake ni 0.8, na hakuna mgawo unaompunja zaidi. Sasa boti iende ufuoni kila Ijumaa, siku nne nyingine za kazi iwe gatini: mgawo ni uleule, ila yeye atakuja gatini kila Ijumaa na kuondoka na 4 nzima. Mgawo bila kura ni kazi bure.

Mtu atasema wa magendo hapigi hesabu za desimali. Kweli, na ndiyo maana PROTECT ilimchukulia adui kama binadamu anayevutwa na faida kubwa lakini hukosea. Wengine watasema Boston si Kilwa. Basi tutazame Uganda, ambako PAWS, programu ya timu hiyohiyo dhidi ya ujangili, ilijifunza kutokana na rekodi za askari wa hifadhi ya Queen Elizabeth za zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2016 iliwaelekeza kwenye maeneo mawili ya kilomita za mraba 9 kila moja, yasiyopitiwa sana. Katika mwezi mmoja wakakuta mitego ya waya, pamoja na tembo aliyeuawa. Huko ni kubashiri zaidi kuliko kupanga ratiba, nakubali, lakini kunaonyesha thamani ya daftari la doria lililotunzwa. Pingamizi lenye uzito ni mdomo: ratiba ya mwezi ikibandikwa ukutani, itauzwa. Kura ipigwe alfajiri, tangi limeshajazwa. Na hizo 4 na 1 zisipangwe bila wavuvi kuulizwa, la sivyo boti italinda mizigo ya migodi inayopita gatini na kusahau nyavu.

Kompyuta hapa haihitajiki. Vikaratasi vitano kofiani vinatosha, vinne vya gati, kimoja cha ufuo, na kilichotolewa kirudishwe kabla ya kesho. Kisiporudi, kuna mtu ataanza kuhesabu vilivyobaki.