Buti Haitengenezi Joto

Kila mwaka mwishoni mwa Januari, waendesha baiskeli hujipanga kabla jua halijachomoza katika mji wa International Falls, Minnesota, mpakani mwa Marekani na Kanada, kuanza mbio za Arrowhead 135. Ni maili 135, yaani kilomita 217, juu ya theluji, na iko miaka ambayo baridi imefika nyuzi 40 chini ya sifuri. Kumaliza na vidole vyote vya miguu vikiwa salama kunataka hesabu, na hesabu hiyo haianzii kwenye unene wa kiatu.

Mguu ulio kwenye pedali hupoa upesi kuliko wa mtembeaji. Ukienda kilomita 20 kwa saa siku isiyo na upepo, mwendo wako wenyewe unaleta upepo: nyuzi 10 chini ya sifuri hugeuka, kwa ngozi iliyo wazi, kuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Tena mtembeaji hukunja unyayo kila hatua na misuli ikasukuma damu. Mwendesha baiskeli kazi anaipa mapaja. Unyayo umetulia tu juu ya soli ngumu.

Dawa ya haraka ya wengi ni kuongeza soksi, na hapo ndipo mambo huharibika. Kiatu kilichotosha soksi moja kikishindiliwa tatu hubana mishipa ya damu na kukamua hewa, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi. Buti ni kama chupa ya chai: haichemshi, inatunza tu joto ulilotia. Joto lenyewe huletwa na damu. Ndiyo maana wazoefu hununua buti kubwa kwa saizi moja au mbili, vidole vipate nafasi ya kuchezacheza ndani.

Adui wa pili ni jasho, kwani sufu iliyolowa haizuii baridi kama iliyo kavu. Katika safari ndefu za baridi kali hutumika mpangilio huu: soksi nyembamba, mfuko wa plastiki, soksi nene, kisha buti. Jasho huishia kwenye soksi nyembamba. Soksi nene na bitana ya buti hubaki kavu hata usiku unapoingia. Kwa safari ya nusu saa mjini, mfuko huo ni usumbufu usio na faida.

La tatu ni pedali. Mfumo wa SPD, ulioletwa na kampuni ya Shimano mwaka 1990, hunasa kiatu kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu kwenye soli, karibu na vidole. Chuma hicho hupitisha joto kwenda nje. Ziko buti za baridi zilizoundwa kwa mfumo huo, kama Wölvhammer ya kampuni ya 45NRTH, zenye soli iliyokingwa vizuri, lakini bei yake si ya kila mfuko. Pedali bapa ya plastiki yenye meno hukuruhusu kuvaa buti yoyote pana, kusogeza unyayo, na kushuka mara moja theluji ikiwa laini. Unachopoteza ni ule mshiko wa kuvutia pedali juu, ambao kwa mwendo wa polepole hauna uzito mkubwa.

Huko Oulu, kaskazini mwa Finland, ambako hata watoto huenda shule kwa baiskeli wakati wa theluji, safari ni fupi na buti za kawaida kwenye pedali bapa zinatosha.

Kiwiliwili kikipoa, mwili huipunguzia miguu damu ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na kofia na suruali ya kukinga upepo, afuatishe pedali bapa, buti iwe ya mwisho. Vidole vikianza kufa ganzi, ashuke akokote baiskeli kwa mwendo wa haraka: damu ikirudi, buti itakuwa na joto la kutunza.