Insha dhaifu si lazima iwe Kiswahili dhaifu

Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha huko Silibwet, Kaunti ya Bomet, hukutana na makosa ya aina mbili, lakini aghalabu huyapigia mstari mmoja mwekundu. Kosa la kutojua lugha na kosa la kutojua jambo linaloandikiwa huchanganywa, kisha mtoto huambiwa eti Kiswahili kimemshinda.

Hebu tuchukue methali ‘Maji yakijaa hupwa’. Mwanafunzi wa Lamu huiona bahari ikijaa na kupwa kila siku. Mwenzake wa Silibwet amezungukwa na michai. Maji ya kujaa anayoyajua ni ya mto uliofurika baada ya mvua kubwa. Akisimulia mafuriko yaliyosomba daraja, mtahini atasema amepotoka. Kumbe sarufi yake huenda haina doa!

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka wa 1932, mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya Wenyeji wa Marekani waisome na kuisimulia upya. Katika masimulizi yao, mitumbwi iligeuka mashua, na kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Walikuwa wakitumia lugha yao wenyewe, lakini kila mgeni hadithini alivishwa nguo za kwao. Sembuse anayeandika kwa lugha ya pili?

Katika KCSE, karatasi ya 102/1 humtaka mtahiniwa kuandika insha mbili, kila moja alama 20, na ya kwanza ni ya lazima. Mada hiyo ikiwa ngeni kwake, nusu ya alama imo hatarini hata kabla ya kushika kalamu.

Wapo watakaosema: basi watoto hawa waandike kuhusu chai. Sikubali moja kwa moja. Ni kweli wanajua kuchuna majani mawili na chipukizi, foleni ya kituo cha kupimia majani, na furaha au machungu ya bonasi. Lakini mengi ya hayo wameyapata kwa Kikipsigis. Mtoto anajua mchai hukatwa ili uchipuke upya, ila neno ‘kupogoa’ huenda hajawahi kulisikia. Hapo anajua jambo, hana neno.

Ndiyo maana naona somo la insha lianze kwa mazungumzo, hata kwa Kikipsigis, kisha msamiati uandikwe ubaoni. Picha mbili za ufuo mmoja, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, zitafunza methali ile kuliko maelezo marefu. Na mwalimu anaposahihisha, aandike pembeni lipi limekosekana: jambo au neno. Anayekosa jambo hafai kurundikiwa mazoezi ya ngeli, jamani. Atayafanya yote vizuri, na insha yake ijayo itapotoka vilevile.