Elena wa Kenya na Wenzake: Kuusoma Upya Mfululizo wa Street Fighter

Mtu akitamka neno "gemu" katika semina ya fasihi, watu hucheka. Tumefundishwa kuchambua riwaya, tamthilia, ushairi, ngano na hata maandishi ya kanga, lakini gemu, eti hayo ni mambo ya watoto waliotoroka shule. Makala haya yanakusudia kubishana na kicheko hicho, ila si kwa ile njia rahisi ya kudai kwamba kila kitu ni fasihi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba vyombo vyetu vya uhakiki, hasa mgawanyo wa fani na maudhui, vikipelekwa kwenye mfululizo wa Street Fighter vinatoa hukumu mbili zinazogombana. Na zinagombana vikali zaidi kwa mhusika mmoja anayetuhusu, Elena, ambaye watunzi wa Kijapani waliamua kuwa ni Mkenya.

Mfululizo huu umetungwa na kampuni ya Capcom ya Osaka. Wa kwanza ulitoka 1987 na haukutikisa sana. Wa pili, Street Fighter II, ulitoka 1991, nao ndio uliofundisha michezo yote ya ngumi iliyofuata namna ya kusimama. Mimi niliufahamu utotoni kama wengi wa rika langu: tunapokezana, aliyeshindwa anapisha, na mwenye kelele nyingi ndiye anayesikilizwa. Miaka hiyo swali lilikuwa moja tu, nani atalala chini. Nimeurudia nikiwa mtu mzima kwa kutumia mkusanyo uliotolewa 2018, wenye michezo 12, toka ule wa 1987 hadi Street Fighter III: 3rd Strike wa 1999. Safari hii niliucheza daftari likiwa pembeni.

Tuanze na maudhui, maana huko ndiko tulikozoea kuanzia, na huko ndiko kazi hii inakovuja. Toleo la kwanza la Street Fighter II lina wapiganaji wanane wa kuchaguliwa: Wajapani wawili (Ryu na E. Honda), Wamarekani wawili (Ken na Guile), kisha mmoja mmoja toka China, Brazili, India na Muungano wa Kisovieti. Mwishoni wanangoja vigogo wanne. Afrika haina mtu. Kila nchi imepewa mwili mmoja au miwili ya kuiwakilisha, na mwili huo umechongwa kwa yale ambayo mgeni huamini kabla hajafika. Mhindi, Dhalsim, amevaa mkufu wa mafuvu, anatema moto, na mikono yake inarefuka kama mpira kwa nguvu za yoga. Mbrazili, Blanka, ni dude la kijani linalouma watu na kutoa umeme. Mrusi, Zangief, ni pande la mtu lenye makovu mwili mzima. Akimaliza mapambano yote inatua helikopta, anashuka mzee anayefanana sana na Gorbachev, na wote wanacheza ngoma. Mchezo ulitoka mapema 1991. Desemba mwaka huohuo Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Ramani yao ilipitwa na wakati hata kabla vitufe vya mashine havijachakaa!

Hadithi yenyewe ni nyembamba. Chun-Li analipiza kisasi cha baba yake, Guile cha rafiki yake, na adui ni yuleyule, M. Bison. Mwandishi wa mchezo wa redio angeona haya kutumia kisasi kimoja mara mbili katika kipindi kimoja. Ryu peke yake ndiye anayepata nafasi ya kupumua. Akishinda haendi kupokea tuzo: jukwaa la washindi linaonyeshwa nafasi ya kwanza ikiwa wazi, naye yuko mbali, anatembea kuelekea machweo. Utotoni mwisho huo uliniudhi kwelikweli, nilitaka kikombe. Leo nauona kuwa ndio mwisho pekee ambao mtunzi ameuacha unyamaze bila kuujaza maneno.

Na majina je? Sisi tuliofundishwa majina ya majazi, kwamba jina hubeba tabia ya mhusika, tuna somo hapa. Huko Japani bondia Mweusi wa Kimarekani aliitwa M. Bison, na sura yake ilimfanana mno Mike Tyson. Ulipofika wakati wa kuupeleka mchezo nje, Capcom waliogopa kushtakiwa, basi wakayazungusha majina matatu kama watu wanaobadilishana viti kwenye daladala. Bondia akawa Balrog, jina lililokuwa la Mhispania mwenye makucha. Mhispania akawa Vega, jina lililokuwa la dikteta. Dikteta akachukua M. Bison. Hakuna kilichoharibika! Mpaka leo Mjapani na Mmarekani wakimtaja Vega wanazungumzia watu wawili tofauti, na kila mmoja anamjua vizuri huyo wake. Mhusika akiweza kung'olewa jina namna hiyo na mchezaji asitikisike, basi uhai wake tuutafute mahali pengine, si katika jina wala katika ile hadithi ya kisasi.

Mahali penyewe ni mikononi mwa mchezaji. Mashine ya Street Fighter II ina kishikio kinachoelekea pande nane na vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, toka pigo jepesi hadi zito. Ukimchukua Guile, kombora lake halitoki mpaka ushikilie kishikio nyuma kwa muda, ndipo usukume mbele na kubonyeza ngumi. Kwa hiyo Guile ni mtu wa kungoja. Hakuna sentensi inayosema hivyo. Vidole vyako ndivyo vinavyoambiwa. Zangief ni kinyume. Mtupo wake mkubwa unataka uzungushe kishikio duara zima, tena ukiwa ubavuni mwa adui, na njiani makombora yanakujia usoni. Kila pambano la Zangief ni safari ya mtu mzito anayetaka kumfikia mtu asiyetaka kufikiwa. Yule Mrusi wa makovu na helikopta ni kikaragosi tu. Huyu wa kishikioni, bwana, ni mhusika, tena wa huzuni kidogo.

Wenzangu wa ushairi wataelewa jambo hili upesi. Kuna mizani hapa. Picha zinakwenda 60 kwa sekunde, na kila pigo lina idadi yake ya picha za kuanza, za kugusa na za kurudi. Ukichelewa picha mbili tu umeshapigwa. Wachezaji wazuri huzihesabu bila kuzihesabu, kama malenga asiyehitaji vidole ili ajue kipande chake kimetimia mizani nane. Na yale mapigo ya mfululizo, ambayo leo ndiyo kitambulisho cha michezo hii, yalianza kwa bahati. Mtayarishaji Noritaka Funamizu aliona, alipokuwa akiikagua awamu ya kuvunja gari, kwamba pigo moja linaweza kuunganishwa na jingine kabla la kwanza halijakwisha. Wakaliacha libaki. Kanuni iliyotokana na ajali ikawa arudhi, na sasa kuna watu wanaoitetea kama sisi tulivyowahi kutetea vina!

Street Fighter III, uliotoka 1997, uliongeza kitu ambacho kwangu ndicho kilele cha fani ya mfululizo mzima: kupangua. Pigo likija, badala ya kurudi nyuma na kujikinga, unasukuma kishikio mbele, kumwelekea anayekupiga, kwa wakati uleule hasa pigo linapofika. Ukipatia, hupungui hata tone la damu, na unabaki na nafasi ya kujibu. Ukikosea umejipeleka mwenyewe. Anayejua malumbano ya washairi anaitambua hali hii: huwezi kumjibu mwenzio kwa kumkimbia, lazima uingie katika bahari yake, ushike kina chake, ndipo ugeuze.

Mfano mashuhuri ni wa 2004, katika mashindano ya Evo huko California. Daigo Umehara wa Japani, akimcheza Ken, alikuwa amebakiwa na damu kama uzi. Justin Wong wa Marekani, akimcheza Chun-Li, akafungulia mateke 15 mfululizo. Katika mchezo huo hata kujikinga na shambulio la aina ile hupunguza damu kidogo, na Umehara hakuwa na kidogo cha kupunguza. Akapangua yote, moja moja, kisha akajibu na kushinda pambano. Ukumbi ulipiga mayowe hata kabla hajamaliza. Nani mtunzi wa kipande hicho? Capcom walitoa lugha, Wong akatoa swali, Umehara akatoa jibu, hadhira ikaitikia. Tukisoma fasihi simulizi huwa tunasisitiza kwamba matini isiyotendwa ni nusu ya kazi, kwamba fanani na hadhira ndio wanaoimaliza. Sasa tunasita nini? Na fainali yenyewe Umehara alishindwa, lakini wengi wanaolisimulia pambano lile hawakumbuki nani alichukua ubingwa.

Nimefika kwa Elena. Ameanza naye 1997 katika Street Fighter III, akarudi 2014 katika Ultra Street Fighter IV na tena 2025 katika Street Fighter 6. Kwa maudhui, mhakiki wa siasa kali angemmaliza kwa ukurasa mmoja, na nisingemlaumu. Huyu binti wa Kenya ana ngozi nyeusi, nywele nyeupe na macho ya buluu. Amevaa vitambaa vichache mno. Ni binti wa mtawala wa kabila lisilojulikana, mandhari yake ni mbuga wazi, na baadhi ya mapigo yake yamepewa majina ya wanyama: moja ni Rhino Horn, yaani pembe ya kifaru, jingine ni Lynx Tail. Huyo "lynx" hasa si mnyama wa Kenya. Sisi tuna simbamangu, ambaye Wazungu walizoea kumpachika jina la mwenzake. Nairobi haimo. Mombasa haimo. Mtunzi ameangalia picha za watalii akafunga kitabu.

Lakini mshike sasa. Elena hapigi ngumi. Hata anapomkamata mtu kumtupa, anatumia miguu. Ukimwacha asimame tu, hasimami: anayumba, anahamisha uzito toka mguu mmoja hadi mwingine, kiuno kinaitikia, na wachoraji wamempa picha nyingi sana za mwendo huo hata unasahau kwamba ni picha. Miguu yake inafika mbali kuliko adui anavyodhani, kwa hiyo kumcheza ni kujifunza kukaa ukingoni, pale unapofika wewe naye hakufikii. Katika nguvu kuu tatu anazoweza kuchagua, mojawapo haimpigi mtu. Anasimama na kujirudishia damu. Jamani, katika mfululizo wa watu wanaoviziana kwa kisasi, mmoja amepewa uwezo wa kujiponya mbele ya adui, na adui lazima akimbilie kumzuia. Hata dai lake dogo la hadithi linalingana na mwili huo: anapigana ili apate marafiki, na mwisho anakwenda kusoma Japani. Msomaji wa gazeti hili atatabasamu. Ni mwanafunzi mwenzetu.

Anachokicheza Elena ni kapoera, sanaa ya Brazili. Hapa wengi wanacheka tena: Mkenya na kapoera wapi na wapi? Nami nilidhani hapa pana kosa la ramani tu. Lakini kapoera ililelewa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazili, wengi wao toka upande wa Angola na Kongo, na katika karne ya 19 wengi wengine walichukuliwa Msumbiji, pwani yetu hii ya mashariki. Serikali ya Brazili iliipiga marufuku kwa sheria ya jinai ya 1890, na ilipofika miaka ya 1930 ndipo Mestre Bimba alipoweza kuifundisha hadharani. Mchezo wenyewe hautaji hata neno moja la haya. Mchezaji wa Kiafrika akijua, ule mwendo wa kuyumba unabadilika mkononi mwake; asipojua, anabaki na msichana mrembo anayecheza ngoma mbugani. Maana hiyo tunaileta sisi, na sioni haya kuileta, ila siwapi Capcom hati ya pongezi kwa kitu walichokiokota bila kukitafuta.

Wako watakaosema namwonea mtunzi, kwamba mchezo wa ngumi hauna nafasi ya kujenga mhusika kwa maudhui. Wamwangalie Dudley, aliyeingia mwaka huohuo wa 1997. Ni bondia Mweusi wa Uingereza, muungwana mwenye bustani ya waridi, anayelitafuta gari la marehemu baba yake, na akitaka kumkejeli adui anamtupia ua. Kwa mistari michache amepewa nyumba, mzazi, ladha na adabu zenye kejeli ndani yake. Nafasi ilikuwepo, na kalamu ilikuwa ileile. Mtu mweusi wa Uingereza alitungiwa bustani yenye maua ya kutajika, Mkenya akapewa nyasi.