Jiwe la Sonara Halipimi Sarafu

Kosa lilifanyika kabla bei haijatajwa. Katika tathmini moja ya hadharani ya kopo la sarafu za zamani, mthamini alichomoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya Tabora, ya enzi ya Mjerumani, akaigeuza mara moja tu, akaukwangua ukingo wake juu ya jiwe la kupimia dhahabu, akadondosha tindikali, kisha akatangaza kwa majigambo kwamba ni karati 18. Watu wakampigia makofi. Makofi ya nini? Mwenye mali alikuwa ametiwa hasara mbele ya macho yake.

Tuliangalie tendo lenyewe. Jiwe lile ni chombo cha mkufu uliokatika na pete inayokwenda kuyeyushwa. Ule mstari wa dhahabu unaobaki juu yake umetoka mahali, na hapa umetoka kwenye ukingo, sehemu ambayo mnunuzi makini huikagua kwanza akitafuta alama za kitanzi kilichochomelewa au mshono wa sarafu ya kughushi. Mkwaruzo haufutiki. Kuanzia sasa kila katalogi ya mnada itaandika “ukingo umeharibiwa”, na sarafu itashuka daraja hata kama sura yake ni safi.

Na alipata nini? Jibu ambalo kitabu chochote cha sarafu kingempa bure: gramu 7.168, dhahabu 750 kwa 1,000. Swali halikuwa dhahabu ya karati ngapi. Swali lilikuwa kama sarafu ile iligongwa kweli Tabora mwaka 1916 au ilitengenezwa juzi. Hapo jiwe ni bubu, kwa sababu mghushi mwenye dhahabu ya karati 18 anafaulu mtihani huo bila jasho.

Mizani ilikuwa mezani pale pale! Angeanza na uzito, akapima na kipenyo. Kisha angeining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji, akagawa uzito wake wa hewani kwa uzito uliopungua. Dhahabu ya aina hii hutoa takriban 15. Shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu hutoa 8 na ushei. Dakika tano, na hakuna kinachokwaruzwa. Baada ya hapo ndipo lenzi: tembo, Kilimanjaro nyuma yake, herufi T, na lile pambo ambalo hukomea chini ya T ya OSTAFRIKA kwenye aina moja na chini ya A kwenye nyingine. Pambo alilitambua vizuri, nampa haki yake.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Mtu akishashika jiwe la sonara, huwaza kisonara. Akazidisha gramu 5.376 za dhahabu halisi kwa bei ya siku, akaongeza kidogo “kwa ajili ya ukale”. Ukale haulipwi, uhaba na hali ndivyo vinavyolipwa. Karakana ya reli ya Tabora ilifanya kazi ya kugonga sarafu kwa muda mfupi, Wajerumani wakiwa wamezibiwa njia ya bahari, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Rupia 15 zilizotoka pale ni zaidi kidogo tu ya 16,000. Ndiyo maana kwenye minada ya Ulaya nakala nzuri huuzwa mara kadhaa ya dhahabu iliyomo. Na alipoona maeneo yaliyofifia akayaita uchakavu, wakati mihuri ya kugongea ya karakana ile haikuwa ya Berlin: mara nyingi sarafu ilizaliwa imefifia. Mthamini asiyetenganisha ugongaji hafifu na msuguano wa mifukoni hawezi kupanga daraja.

Senti 10 za Edward VIII zilizokuwamo pia koponi alizipa bei ndogo, sawasawa. Nimeshasema hadi nimechoka: mfalme kuacha kiti Desemba 1936 hakuzifanyi kuwa adimu. Zina tundu katikati, hazikuhitaji picha yake, kwa hiyo ziligongwa kwa mamilioni. Wale wanaozitembeza kwa bei ya kiwanja waendelee kunichukia.

Wazee wa fani hawakuwa hivi. John Walker wa British Museum na mwanahistoria Freeman-Grenville walikaa na visarafu vya shaba vya Kilwa, visivyo na tarehe wala thamani yoyote ya madini, wakasoma maandishi yake ya Kiarabu na kuorodhesha kila kimoja kilipookotwa. Sarafu ya Kilwa iliyopatikana Great Zimbabwe ni ushahidi wa biashara. Ile ile ikitupwa koponi bila taarifa ni kipande cha shaba. Freeman-Grenville angeuliza kwanza kopo lile lilikuwa la nani na lilikaa wapi. Mthamini wetu hakuuliza hata jina la babu aliyeliacha.

Koponi zimebaki rupia za fedha za Mjerumani ambazo hazijaguswa. Mwenye mali asizisugue kwa limau, asizipeleke kwa sonara, na asimrudie mtu yule.