Makumbusho ya Bujora na Moto wa Jioni

Watu wengi wakisikia habari ya nyumba ya makumbusho hudhani ni ghala ya vitu vilivyokufa. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Kisesa, kama kilometa 20 kutoka Mwanza, hayakujengwa kwa fikira hiyo. Padre David Clement, mmisionari aliyetoka Kanada, aliianza kazi hiyo katika miaka ya 1950 pamoja na Wasukuma wenyewe. Vitu havikurundikwa pamoja, bali kila kazi ilipewa nyumba yake: mhunzi ana yake, mganga ana yake, wacheza ngoma wana yao. Na ngoma za watemi zimewekwa katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Mpango huu nausifu, kwani chombo kikitengwa na mahali pake hupoteza nusu ya maana yake.

La pili la kusifiwa ni Bulabo, yaani mashindano ya ngoma penye sikukuu ya Mwili wa Kristo, ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa Juni. Hapo Bagika na Bagalu hushindana mbele ya watu wengi. Katika bugobogobo wachezaji hurusha majembe juu na kuyadaka kwa kufuata mdundo. Jembe lililotundikwa ukutani ni chuma na mpini tu. Lirushwapo hivyo, kijana huona jinsi babu zake walivyolima pamoja kwa nyimbo.

Lakini liko jambo moja lisiloweza kujengewa nyumba, nalo ni shikome, ule moto wa jioni katika kaya. Hapo wazee waliwafundisha vijana habari za ukoo, mithali, vitendawili na adabu. Mwaka 1963 sheria ilifuta utawala wa watemi, hata hivyo ngoma zao zilipata pa kukaa. Katika miaka ya 1970 kaya nyingi zilihamishwa ili watu wakae vijijini. Je, maneno ya shikome yalipata wapi pa kukaa? Mti na chuma hulindwa kwa paa. Neno halilindwi ila kwa kinywa.

Basi mwalimu apelekaye watoto Bujora asiridhike na kuwaonyesha tu. Awatume kwanza kwa babu na bibi zao waulize: Chombo hiki chaitwaje? Nani alikitumia, naye aliimba nini? Wayaandike majibu, ndipo waende kutazama. Mtoto aijuaye sura ya chombo asijue jina lake ni mgeni nyumbani kwa babu yake.