Tauni ya Eyam: Hesabu ya Karantini Iliyofunga Kijiji

Juni 1666, tauni ilipopamba moto katika kijiji cha Eyam, Derbyshire, Uingereza, kasisi William Mompesson na mtangulizi wake Thomas Stanley waliwashawishi wanakijiji wasivuke mpaka wa kijiji. Chakula kiliachwa mpakani. Sarafu za malipo zilitumbukizwa kwenye siki, ndani ya matundu ya jiwe.

Mwaka 1982 mtafiti Raggett aliipima tauni hiyo kwa modeli ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927. Modeli hugawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wagonjwa, na waliotoka kwenye mzunguko kwa kupona au kufa. Eyam ilimfaa kwa kuwa hakuna aliyeingia wala kutoka: kila aliyezikwa alipungua kwenye jumla ileile, na tarehe za mazishi zilitosha kukadiria mengine.

Alianzia katikati ya Mei: wazima 254, wagonjwa 7. Kufikia katikati ya Oktoba walibaki 83, maana yake walikufa 178. Gawanya 254 kwa 83, tafuta logi asilia ya jibu, utapata 1.118. Sasa gawanya 178 kwa 1.118: ni 159. Hicho ndicho kizingiti. Wazima wakizidi 159, wagonjwa huongezeka. Wakipungua hapo, tauni huanza kunywea. Na 254 kwa 159 ni 1.6, yaani mwanzoni kila mgonjwa aliambukiza wastani wa mtu mmoja na nusu hivi.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Kwa modeli hiyohiyo, wazima 95 wangeondoka mapema, ugonjwa usingepata nguvu ya kupanda kijijini. Karantini basi haikuwaokoa waliofungiwa. Iliwabakiza palepale moto ulipowaka. Faida yake ilikuwa kwa vijiji jirani, na majirani hawamo kwenye mlinganyo.

Modeli ina udhaifu mwingine: inahesabu kana kwamba kila mtu hukutana na kila mtu, na viroboto wa panya wanaoeneza tauni haiwatambui. Uchambuzi wa watafiti Whittles na Didelot wa mwaka 2016 uliingiza njia zote mbili, ya viroboto na ya mtu kwa mtu, ukakadiria kuwa robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa binadamu wenzao.

Kwa hiyo anayepima karantini kwa vifo vya ndani ya uzio peke yake ataiona imeshindwa. Mlinganyo unaotakiwa ni wa vijiji viwili au zaidi, wenye njia ya kuvuka kati yao. Njia hiyo ndiyo watu wa Eyam walioifunga.